Jinsi Mama Alivyoiharibu Filamu ya Mama Dobi

Deki ya video ya kwanza kuingia nyumbani kwetu mtaani Mbotela ililetwa na dereva. Kaka yangu mkubwa alikuwa amehamia Buruburu na mke wake, akanunua deki mpya, na ile ya zamani akatutumia ikiwa imefungwa kwa blanketi kwenye kiti cha nyuma cha gari la ofisi. Dereva aliiweka mezani, akakataa chai, akasema bosi ataleta na runinga akipata nafasi. Runinga nayo ililetwa na dereva yuleyule. Kutoka Buruburu mtu anaweza kuja kwetu kwa miguu na bado aikute chai yake ina moto. Mama alimshukuru dereva mara mbili, kisha akaifunika deki kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, kama kile cha makochi.

Tulikuwa watatu katika vyumba viwili vya kanjo, nyumba za baraza la jiji. Mama aliuza mboga za kienyeji sokoni Jericho: mrenda, saga, kunde. Mdogo wangu alikuwa fundi wa masanduku ya bati kule Shauri Moyo, na mimi nilipiga taipu katika ofisi ya kiwanda cha sabuni. Baba alikuwa ameshafariki. Ni yeye aliyenitia ugonjwa wa filamu. Katika miaka ya sabini, nikiwa bado shuleni, alinipeleka Jumamosi katika ukumbi wa mtaa, mahali walipotundika shuka ukutani na kuonyesha filamu za zamani, nyeusi na nyeupe, zenye mikwaruzo kama mvua. Baba alijua Kiingereza cha kutosha. Alinieleza maneno machache mwanzoni, halafu akaniacha nione mwenyewe. Tulirudi nyumbani kimya, kila mtu na filamu yake kichwani.

Kwa hiyo deki ilipofika, nilijua ninachokitaka. Sikutaka filamu mpya. Nilitaka zile za ukumbini, ambazo wengi wa waigizaji wake walikuwa wameshazikwa. Kule Ngara kulikuwa na duka la kuazimisha kanda, na mwenye duka alikuwa amezirundika za aina hiyo chini ya kaunta, ndani ya katoni ya maziwa ya unga. Jumamosi baada ya kazi nilipiga magoti kwenye sakafu yake, bado nimevaa sketi ya ofisini, nikazipekua moja moja.

"Dada, hizo hakuna mtu anaazima," aliniambia siku ya kwanza. "Kuna mpya zimeingia. Za ngumi."

"Nataka hizi."

"Hizo ni za wazee."

"Basi niuzie kama mzee."

Aliniuzia, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Karatasi iliyobandikwa kwenye kanda ilisema jambo moja na kanda yenyewe ikasema jingine. Nilibeba nyumbani moja iliyoandikwa kuwa ni kesi ya mauaji. Nikamkalisha mama, nikafunga mlango, nikabonyeza. Kwenye kioo walitokea wanawake wa Kizungu waliovaa nguo za kubana, wakirukaruka na kunyoosha miguu kwa muziki. Mama aliwatazama kwa makini, kisha akauliza ni yupi kati yao aliyeua.

Nyingine zilikuwa zimetoka Marekani, na hazikupatana na mashine yetu: picha ilipanda juu kama gunia linalovutwa kwa kamba, ikarudi chini, ikapanda tena. Nyingine zilikatika kabla ya mwisho, kwa sababu aliyerekodi aliishiwa na kanda na hakujali. Deki yenyewe ilikuwa na tabia ya kutafuna. Ungesikia kama mtu anakunja karatasi, na ukiitoa kanda, utepe wake unaning'inia nje kama utumbo wa kuku. Nilijifunza kuizungusha kwa kalamu na kusafisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti. Mdogo wangu alinitengenezea sanduku la bati lenye kufuli ili kanda zangu zisiliwe na vumbi. Huo ulikuwa wema wake wa mwisho katika mambo ya filamu.

Maana yeye alitaka ngumi. Marafiki zake wa Shauri Moyo walikuja kila mmoja na kanda chini ya koti, wakakaa hadi kwenye kitanda changu, na chumba kikajaa harufu ya rangi ya bati.

"Siste, weka hii kwanza," mdogo wangu alizoea kusema. "Yako tutaona baadaye."

"Baadaye stima itapotea tubaki gizani."

"Sasa yako hata rangi haina. Ni kama kuangalia picha za kitambulisho."

Mama aliamua kwamba Jumamosi ni ya mdogo wangu na Jumapili baada ya kanisa ni yangu. Ulikuwa uamuzi mzuri, lakini Jumapili ndiyo siku ya wageni. Akina mama wa kanisa walipita kusalimu, wakaona deki, wakaketi. Na mama alishikilia kwamba anayechagua ni mgeni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikupona. Mmoja alitaka harusi ya mpwa wake, iliyorekodiwa, ambayo sote tulikuwa tumehudhuria. Mwingine alitaka kwaya. Nilikaa kwenye stuli karibu na mlango, sanduku langu limefungwa, nikatazama watu ninaowajua wakila keki ambayo nami niliila.

Katika hali hiyo ndipo nilipoipata ile filamu. Ilikuwa chini kabisa ya katoni, na karatasi yake, safari hii, ilisema kweli. Niliitambua tangu picha ya kwanza. Nilikuwa nimeiona na baba ukumbini. Ni hadithi ya mwanamke anayefua nguo za matajiri katika mji wa baridi, mikono imepasuka, ili mwanawe asome. Mwana anasoma, anakuwa wakili, anachumbia binti wa familia kubwa, na kwa aibu anawaambia wakwe kwamba mama yake alikufa zamani. Siku ya karamu ya harusi, nyumba ile inaajiri watu wa kusaidia jikoni, na mmoja wao ni yule mfuaji. Hajui ni harusi ya nani. Anapewa trei ya glasi, anaingia ukumbini, anamwona mwanawe.

Mama hakujua Kiingereza, hivyo nilimtafsiria. Hapakuwa na nafasi ya kuona kitu. Kila mtu aliyefungua mdomo kwenye kioo, mama aliuliza, "Anasema nini?" Nami nikasema, na kabla sijamaliza, mwingine amesema. Na mama alizungumza na yule mfuaji moja kwa moja. Alimwambia aweke mafuta kwenye mikono. Alimwambia asimpe mtoto nyama yote. Nikamwomba anyamaze kidogo, akasema, "Sasa nikinyamaza atajuaje?"

Mfuaji alipochukua trei na kuusukuma mlango wa ukumbi, mama alisema, "Zima."

"Mama, inakaribia kwisha."

"Zima. Najua mwisho wake. Yule kijana anasimama mbele ya watu anasema, huyu ndiye mama yangu."

"Sivyo. Mimi nimeiona na baba."

"Baba yako alikuwa akisinzia huko," alisema, akaenda kuchambua mboga.

Tuliitazama mara nyingi baada ya hapo, kwa sababu mama aliipenda kuliko zote, na kila mara palepale kwenye trei alisema zima, au alikumbuka maji yanachemka, au aliinuka mwenyewe na kubonyeza. Nilikuwa na filamu niliyoitafuta tangu utotoni, ndani ya nyumba yangu, kwenye mashine inayofanya kazi, na sikuweza kuiona hadi mwisho. Nikijaribu kuiweka peke yangu, mama alikuwa sokoni lakini mdogo wangu alikuwa nyumbani. Mdogo wangu akiwa kazini, stima ilikuwa imepotea.

Halafu siku moja nilimpelekea mama chakula sokoni, na mwanamke aliyeuza omena, dagaa wa ziwani, kando yake, jirani yake wa miaka mingi, akanishika mkono.

"Ile filamu yenu ya Mama Dobi, yule mfuaji, ni nzuri sana," alisema. "Huyo kijana aliposimama mbele ya wakwe zake, nililia kabisa."

"Uliiona wapi?"

"Mama yako alitusimulia. Sote hapa tunaijua."

Nilimtazama mama. Alikuwa akinyunyizia mrenda maji, ameinama. Nikasema kijana hasimami. Mwanamke wa omena alinihurumia kwa macho, jinsi unavyomhurumia mtu aliyepotewa na kitu cha maana, akasema pengine sikuelewa Kiingereza chao. Mimi, niliyekuwa nikipiga taipu kwa Kiingereza kuanzia asubuhi. Nilirudi kazini nimekasirika hadi nikakosea barua za mchana kutwa.

Kaka mkubwa alikuja Jumapili moja karibu na Krismasi. Alikuja mwenyewe, bila dereva, na mama alipomwona mlangoni alianza kupangusa kiti ambacho hakikuwa na vumbi. Kaka aliketi funguo za gari zikiwa mkononi. Alisema hatakwenda kijijini kwetu, magharibi, mwaka huo, mkewe ana wageni, labda Pasaka. Mama akasema hakuna neno. Akasema ale. Kaka akasema amekula. Basi mama akanigeukia.

"Mwekee kaka yako ile ya Mama Dobi."

Niliiweka. Kaka alicheka kidogo alipoona haina rangi. Mama alikaa kando yake na kwa mara ya kwanza hakuuliza nani anasema nini. Yeye ndiye aliyekuwa anamweleza mwanawe, ambaye alikijua Kiingereza kuliko sisi sote. "Hapo anafua za watu," alisema. "Hapo mtoto amepita mtihani." Kaka aliitikia "mm", akatazama saa, akazichezesha funguo. Mama aliona. Mimi niliona kwamba mama ameona.

Mfuaji aliichukua trei. Nilingoja mama aseme zima. Hakusema. Alikuwa ameikunja leso yake mapajani na anatazama mbele, na nikafikiri, leo basi tutafika mwisho. Kaka akainuka.

"Mama, lazima niende. Kuna watu wananingoja."

"Imebaki kidogo tu."

"Hizi za zamani zinaenda polepole sana. Kwani inaishaje?"

Mama alimtazama kutoka chini, maana yeye alikuwa bado ameketi. "Kijana anasimama mbele ya watu wote," alisema. "Anasema, huyu ndiye mama yangu."

"Ah, vizuri," kaka alisema. Akatuachia sukari na majani ya chai juu ya meza, akampa mama mkono, akatoka. Nilitaka kumfuata hadi kwenye gari nimwambie filamu inavyoisha kweli. Nilifika kizingitini, nikaona watoto wa jirani wakiligusa gari lake naye anawafukuza kwa kiganja. Nilipogeuka, mama alikuwa amekwisha kubonyeza, kioo ni cheusi, naye anatafuta beseni.

Mwaka uliofuata waliiba deki. Ilikuwa siku ya kazi, sote tuko nje. Walikata wavu wa dirisha, wakachukua runinga, deki, hata kitambaa cha kufuma. Sanduku langu walilivunja kufuli, wakalifungua, wakaona kilichomo, wakaliacha. Kanda zilikuwa zimepangwa vilevile. Hawakuchukua hata moja.

"Hata wezi wamekataa," mdogo wangu alisema, akacheka, kisha akaniangalia usoni akaacha. Kaka aliposikia, alimtuma dereva atuambie pole na kwamba ataona atakachofanya. Hatukusikia tena.

Nilikaa na sanduku la filamu bila kitu cha kuzitazamia. Nilimwambia rafiki yangu wa kazini, dada mmoja aliyeishi Jericho na mumewe, nao walikuwa na deki nzuri. Akasema niende Jumapili na kanda yangu yoyote. Nikachagua ya Mama Dobi. Nikamwambia mama, na kosa langu lilikuwa hilo, kwa sababu mama alimwambia mwanamke wa omena, na mwanamke wa omena aliwaambia wengine. Jumapili baada ya kanisa sebule ya rafiki yangu ilijaa wanawake wa soko waliovaa nguo zao za ibada, wengine wamekaa chini kwenye zulia, wakingoja kumwona kijana akisimama. Mume wa rafiki yangu alisalimu watu akaenda zake kutembea.

Sikufurahi kwa umati ule, lakini nilijiambia kwamba sasa mambo yatanyooka. Wataona kwa macho yao. Nilisimama kando ya runinga nikawatafsiria, sauti ikanikauka. Walikuwa watazamaji wazuri, siwezi kusema uongo. Mikono ya mfuaji ilipopasuka, walipiga ulimi. Kijana aliposema mama yake alikufa, mmoja alifunika uso. Mama yangu alikuwa kwenye kochi, katikati yao, kwenye kiti cha heshima, kwa kuwa ndiye mwenye hadithi.

Mfuaji akasukuma mlango na trei. Nilimtazama mama. Hangeweza kusema zima katika nyumba ya watu.

Kwenye filamu, mfuaji anatembea kati ya wageni. Anafika mbele ya mwanawe. Wanatazamana, na muziki unanyamaza. Mwana anachukua glasi kutoka kwenye trei, anasema asante, kama mtu anavyomwambia mtumishi, anageuka kuongea na baba mkwe. Mama yake anapita na trei hadi kwa mgeni wa mwisho. Anarudi jikoni, anaiweka mezani, anavaa koti lake, anatoka nje kwenye theluji. Basi. Maandishi yakapanda.

Wanawake waliendelea kukitazama kioo.

"Endelea," mwanamke wa omena alisema.

"Imeisha."

"Haijaisha. Kijana hajasimama."

"Hasimami. Ndivyo ilivyo. Hata siku ile nilikuambia."

Walianza kuongea wote pamoja. Mmoja alisema imekatwa. Mwingine alisema mwenye duka amenidanganya, ameniuzia nyingine inayofanana. Mwingine aliuliza kama hakuna sehemu ya pili. Nilieleza kwamba kanda ni ileile, nimeinunua mwenyewe Ngara, nimeiona ukumbini na baba yangu nikiwa na sare ya shule. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kunionea huruma. Mwishowe mwanamke wa omena alimgeukia mama.

"Wewe ndiye uliyeiona. Hii ndiyo yenyewe?"

Mama alikuwa akiirekebisha leso begani.

"Siyo," alisema. "Ile yetu iliibiwa."

Wote walipumua. Wakampa pole ya kuibiwa, upya kabisa, kana kwamba wizi ulitokea jana. Rafiki yangu akaleta chai na mandazi, na wale wanawake wakamwomba mama awasimulie mwisho kwa faida ya mwenye nyumba, ambaye hakuwa ameusikia. Mama akasimulia. Mimi nilikuwa nikiirudisha kanda mwanzo, nimepiga magoti mbele ya deki ya watu.

Njiani kurudi Mbotela sikumngoja. Alinifikia karibu na kanisa, akihema.

"Kwa nini umesema siyo yenyewe?" nilimwuliza.

"Ulitaka niseme nini?"

"Ukweli, mama. Uliuona."

"Hata wao wameuona." Alitembea kidogo. "Wale wanawake wanawajua watoto wangu wote kwa majina. Wanajua nani anakuja na nani haji. Ulitaka niseme mbele yao kwamba ndivyo inavyoisha?"

Hasira haikuniisha. Nilimwonea huruma na nikamkasirikia kwa wakati mmoja, na sijui mtu afanye nini na vitu viwili hivyo kifuani. Alikuwa amelichukua jambo moja nililolirithi kwa baba akaligeuza lake, na sasa mtaa mzima ulikuwa upande wake.

Jioni tuliketi kuchambua kunde za kesho. Mdogo wangu alikuwa hajarudi. Mama alikuwa akivunja mabua.

"Alipotoka nje kule mwisho," aliuliza, "alikuwa amevaa viatu gani? Sikuona vizuri."

"Vya kawaida tu. Vya jikoni."

"Katika baridi ile," mama alisema, akalisogeza beseni karibu na miguu yangu.

Deki nyingine niliinunua mimi mwenyewe, baada ya muda mrefu. Kanda ya Mama Dobi ilikuwa imeota ukungu mweupe kwenye utepe, na fundi alikataa hata kuijaribu, akasema itaua mashine mpya. Nilirudi Ngara nikakuta duka lile linauza vipuri vya magari. Nimewauliza watu wengi, hata waliosafiri ng'ambo, na hakuna anayeifahamu, kwa sababu nikiisimulia inavyoisha wanasema haionekani kama filamu ambayo mtu angetaka kuitunza.